Kabati la Urefu wa Nathanaël

Kaka yangu Norbert alichukua muda mrefu zaidi kuchagua kabati kuliko alivyochukua kuchagua mke. Naweza kusema hivyo kwa sababu mara zote mbili nilikuwepo, na mara zote mbili hakuniuliza. Norbert alimwona Louise Jumapili moja nje ya kanisa, na kabla mvua za mwaka ule hazijakoma alikuwa amekwisha kumfikisha Kiambi kwa wazazi wetu. Kabati la chuma lilimzungusha Kalemie nzima, mji wetu wa kando ya ziwa, msimu wote wa kiangazi. Aligonga huku, akanusa kule, akaenda, akarudi, mpaka wauza vyuma wakimwona anakuja wanajifanya wana kazi ndani.

Garaji yake iko kwenye mteremko wa kwenda daraja la Lukuga. Anatengeneza mashine za boti, na pikipiki zikija hazifukuzi. Mimi nauza uji na mandazi mlangoni pake, kwa hiyo hakuna kinachoingia wala kutoka humo bila kupita mbele ya macho yangu. Tangu ziwa lilipoanza kupanda, kila msimu wa mvua maji huingia garajini na kufika magotini. Rafu za mbao zimeoza, spana zimeshika kutu. Mtu yeyote angeelewa kwa nini fundi kama huyo anataka kabati la chuma la kufunga ukutani, juu ya alama ya maji. Ndivyo alivyowaambia watu, na watu wakakubali.

Mimi sikukubali. Kaka yangu akisema nusu ya ukweli, hujikuna sikio.

Ukweli ulikuwa Nathanaël, mtoto wao wa pekee, kijana mrefu aliyefanya kazi pamoja na baba yake na kumshinda ufundi, ingawa baba hakupenda kuambiwa. Mvua zilizopita alipanda boti iliyopeleka unga Zongwe, kwa nyanya yake mzaa mama. Upepo uliwakuta njiani, boti ikavunjika. Wenzake wote waliletwa ufukweni na mawimbi, wakazikwa na watu wao. Nathanaël hakuletwa.

Louise alikataa msiba. Hakukaa mkekani, hakunyoa nywele, hakumruhusu mtu yeyote amlilie mwanawe ndani ya ua wake. Padri alikuja akamwambia kwa upole kwamba kanisa linaweza kumwombea marehemu hata kama mwili haukupatikana. Louise akamtazama.

"Marehemu gani, Padiri? Mutoto wangu amekawia. Muntu akikawia, munamuombeaka sala ya wafu?"

Padri akamaliza maji aliyopewa, akaaga.

Basi ikawa kila asubuhi Louise anaingia garajini kabla ya mumewe, anatandika kitambaa safi juu ya benchi la kijana, anapanga spana zake, ndogo kwanza, kubwa mwisho, vile alivyozoea kuzipanga mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Kufika adhuhuri, spana zimelowa. Sisemi unyevu wa kawaida. Zilikuwa zinachuruzika, na kitambaa chini yake kimelowa chepechepe, ilhali ni kiangazi na paa halivuji. Nilimshuku Louise mwenyewe. Siku moja alipokwenda sokoni, nikageuza kigoda changu nikakaa nikiliangalia lile benchi. Nikainama kidogo tu kumkorogea mteja sukari. Nilipoinua macho, spana kubwa ilikuwa na maji, na tone moja lilikuwa linaning'inia kwenye ncha yake. Nilirudisha kigoda changu nilipokitoa, na tangu siku hiyo nilikaa nimelipa benchi mgongo.

Wateja nao wana macho. Wakaanza kupeleka mashine zao kwingine. Lakini si wateja waliomkondesha kaka yangu. Louise alikuwa anaondoka huku amekaa. Alikula tonge mbili akasukuma sahani. Ukimwita, jina lake lilikuwa kama linamfikia kutoka mbali. Maneno yake yote aliyamalizia kwenye zile spana. Norbert aliniambia siku moja, na safari hii mkono wake haukwenda sikioni:

"Mutoto, ziwa limeisha kumubeba. Sasa linanibebea na muke."

Alichotaka kilikuwa kimoja tu: Louise alie. Alie, akubali, arudi kwake. Na kwa kuwa ni fundi, aliona dawa iko kwenye chuma. Spana zipande ukutani, zifungiwe mlango, zisionekane, na polepole mkewe aache kuzitandika. Akili za wanaume wakati mwingine hunichosha kabisa. Lakini nilimhurumia, nikawa namsindikiza kwenye maduka.

Kabati la kwanza lilikuwa jipya, limevuka ziwa kutoka Kigoma, limepakwa rangi ya buluu inayopendeza macho. Norbert akaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia kama sufuria tupu. Akabonyeza ubavu kwa dole gumba, ubavu ukaingia ndani na kurudi. "Hii ni karatasi," akasema, na mwenye duka akatukunjia uso. La pili lilikuwa kuukuu na zito, limebaki kwenye ghala la mfanyabiashara aliyehama. Chuma chake kilimfurahisha. Akalizunguka, akalipiga tochi kwa nyuma, kisha akatikisa kichwa. Lilitengenezwa likae chini. Kabati la ukutani hubebwa na mgongo, akanieleza, na mgongo wa lile ulikuwa bati tupu. Ukilining'iniza na vyuma ndani yake, litaachana na mgongo wake mchana kweupe.

"Yaya," nikamwambia njiani, maana kwetu ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "hii armwari unaitafuta ao unaiposa?"

Hakucheka. Ikabidi twende kwa Jérémie.

Jérémie ni mchomeleaji, mtu wa Nyunzu. Alikimbia vita na familia yake wakafikia kwenye kambi ya Katanika, na huko akaanza kuchomelea milango na madirisha chini ya turubai. Ana mkono mzuri na maneno machache. Norbert akampa maagizo yake yote: bati nene, vyuma viwili vya kona vipite mgongoni kutoka ubavu hadi ubavu, mlango mmoja, komeo la kuzungusha, na ukingo wa mlango wote uwekwe mpira wa ndani wa gurudumu, mvuke wa ziwa usipate pa kupenya.

"Kipimo?" Jérémie akauliza.

Yeye hafanyi kazi kwa namba. Mteja humletea kamba ya urefu wa kitu anachotaka, naye huichoma ncha kwa moto wake isifumuke, kisha huitundika juu ya kazi mpaka kazi iishe. Milango mingi ya Kalemie imepimwa hivyo na inafunga vizuri. Norbert akarudi garajini kutafuta kamba. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ulining'inia uzi wa nyavu, mweupe, mnene, umekunjwa vizuri. Akaunyosha ukutani kuanzia chini ya boriti. Ncha ya chini ikaishia kiganja kimoja juu ya alama ya maji, pale pale alipotaka.

"Njo yenyewe!" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zile nikamwona anatabasamu.

Sikuona ubaya. Sisi ni watu wa Kiambi, tumekulia kando ya mto Luvua. Kwetu uzi wa nyavu ni uzi wa nyavu.

Siku kabati lilipoletwa kwa mkokoteni, Louise alikuwa bandarini. Kila boti ikiingia kutoka Zongwe, Moba au Kigoma, alikwenda kuwauliza abiria kama wamemwona kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Norbert alifurahi kwamba hayupo. Akagonga ukuta polepole kutafuta tofali zilizo nzima, akaweka alama kwa chaki, akaazima mashine ya kutobolea. Jérémie akawasha jenereta.

Tundu la kwanza lilitoa vumbi jekundu. La pili pia. La tatu, lililokuwa usawa wa kifua cha mtu, mashine ilizama mara moja kama imekuta nafasi, na Norbert alipoichomoa yakatoka maji. Yalitoka membamba, safi, yakateremka ukutani na mchanga mweupe ndani yake. Tulisimama tunayaangalia. Mimi nikatoka nje nikazunguka nyuma ya ukuta ule. Nyuma palikuwa pakavu, jua linawaka, na mjusi amejilaza juu ya tofali anaota jua. Niliporudi ndani, Jérémie alikuwa amelowesha kidole na kukinusa.

"Ni maji ya ziwa," akasema.

"Matofali yanakunywaka wakati wa mvua," kaka yangu akajibu haraka, akajikuna sikio. Akapigilia bolti ndani ya tundu, akaikaza kwa nguvu zake zote, na maji yakakoma.

Wakalipandisha. Norbert akaweka chupa ya maji juu yake kuangalia kama limelala sawa, na lilikuwa sawa kabisa. Lilikuwa zuri, siwezi kuwanyima sifa yao: rangi ya kijivu, maungio laini, mlango unafunga bila kelele. Lakini lilikuwa refu mno na jembamba mno. Wanaume walipokuwa wanafuta jasho, mimi ndiye niliyelitazama kwa mbali.

"Yaya, hii ni ya kuweka vyuma ao ya kuweka muntu?"

Nilisema kwa utani. Wakati huo huo Louise akaingia.

Aliweka kikapu chini. Akalisogelea kabati bila kumtazama mtu, akainua mkono mpaka ncha za vidole zikagusa ukingo wa juu, kisha akauteremsha mkono wake wote kwenye mlango, taratibu, mpaka akapiga magoti. Aliposimama alitazama msumari uliokuwa nyuma ya mlango wa garaji.

"Papa Natha, uzi wangu uko wapi?"

"Uzi gani?"

Hapo ndipo tulipojua. Kwa watu wa kwao Zongwe, ukoo wa mama yake, mtoto wa kiume akianza kusafiri ziwani, mama humsimamisha bila viatu kwenye mwimo wa mlango, akampima kwa uzi wa nyavu kutoka kisigino hadi utosini. Uzi ule huning'inizwa nyumbani, mahali pakavu. Maadamu unaning'inia, ziwa limemwazima tu mtoto, halijamchukua. Haufanyiwi kazi yoyote, hauguswi na moto, na mama hamwambii mtu, hata mumewe. Louise aliuweka garajini kwa sababu alijua mwanawe akirudi, ataanzia kwenye mashine kabla ya kuingia kwa mama yake. Sisi, wajinga wa bara, tulikuwa tumeubeba tukaupeleka kwa mchomeleaji.

Jérémie akautoa mfukoni. Ncha zake mbili zilikuwa nyeusi. Mtu yule ameona mengi njiani kutoka Nyunzu, lakini alimpa akiwa ametazama pembeni.

Nilingoja Louise apige kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Aliuzungusha uzi kwenye kiganja chake, akasema kwa sauti ya chini:

"Mumemujengea nyumba. Ya chuma. Ya mulango mumoja."

"Tutaikata," Norbert akasema. "Louise, sikiya, sikujua. Papa Jérémie, leta mashine, tukate kwa juu, hata kiganja kimoja, isikuwe tena kipimo chake."

Louise akaegemeza mgongo wake kwenye kabati, mikono ameipanua.

"Munataka kumukata wapi? Kwenye kichwa ao kwenye miguu?"

Jérémie akakusanya vyombo vyake akaondoka, na hakuomba hata maji ya kunawa.

Basi likabaki pale. Halikatwi, kwa kuwa ni mtoto. Haliteremshwi, kwa kuwa Louise alisema mwanawe amekwisha kuingia na hatamtoa mahali pakavu. Halitiwi spana, kwa kuwa mtu hawezi kutundika vyuma juu ya mwanawe. Spana ziliendelea kupangwa benchini kila asubuhi, ila sasa zilikaa kavu mchana kutwa. Maji yalikuwa yamehamia kabatini. Ukipitisha kidole chini yake, unakitoa kimelowa.

Mchana, upepo wa ziwa ulipoanza, kabati lililia. Ngo. Kisha kimya. Kisha ngo. Norbert alisema ni chuma kinachopata joto, na mimi nikamwambia mbona milango ya Jérémie mji mzima inapata joto na haibishi hodi. Komeo alilolifunga mwenyewe alilikuta limezungushwa. Louise alihamishia kiti chake mbele ya ule mlango, akawa anakula hapo, na kila alipokula aliweka sahani ya pili chini ya kabati, bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki wa migebuka, akaifunika. Alikuwa anapungua mbele ya macho yetu. Norbert alikuwa ametafuta njia ya kumrudisha mkewe, na kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemtafutia mahali pa kukaa milele.

Mimi nina hasira, kila mtu Kalemie anajua. Siku moja nikachoka. Louise alikuwa amekwenda bandarini, wateja wangu wote walikuwa wamehamia kwa mwanamke mwingine juu ya njia kwa sababu ya ile ngo, ngo. Nikaingia, nikazungusha komeo, nikaufungua mlango wazi, nikaingiza kichwa changu ndani.

"Natha! Kama ni weye, toka usalimie shangazi yako vizuri, kama muntu mwenye alilelewa! Na kama si weye, utoke vilevile!"

Sauti yangu haikurudi. Ndani ya kabati tupu la chuma, sauti hurudi. Niliwahi kupiga chafya ndani ya pipa, najua. Hapa ilikwenda tu, ikaendelea kwenda. Kisha nikasikia harufu ya petroli na sabuni ya mche, harufu ya kijana yule anapotoka kunawa mikono, na nyuma yake baridi ya maji mengi. Na kitu kikavuta pumzi karibu na sikio langu, taratibu, pumzi ya mtu aliyechoka.

Sijui niliutokaje mlango ule. Najua tu kwamba nilipindua sufuria ya uji, na kwamba nililia barabarani mbele za watu, mimi ambaye sikuwa nimemlilia mpwa wangu kwa sababu mama yake alitukataza. Nilikuwa nimempenda sana. Alikuwa ananiibia mandazi mbele ya macho yangu na kuniambia anayaonja kama yameiva.

Sikumwambia Louise nilichosikia. Nilimwambia Norbert. Aliniuliza neno moja tu:

"Amechoka?"

"Amechoka, yaya."

Mvua zikaanza. Maji yakaingia garajini, yakapanda hadi kwenye alama ya zamani, yakaipita. Siku yalipogusa chini ya kabati, ile ngo ikawa haikomi. Ukuta ulitetemeka. Norbert alisimama majini akakaza bolti, akamaliza ya mwisho, akakuta ya kwanza imelegea tena na inajizungusha yenyewe kutoka ukutani. Louise alisimama kando yake maji yakiwa mapajani, akiangalia bolti ile inavyozunguka. Alikuwa mtoto wa Zongwe. Anajua kitu kinapotaka kuondoka.

"Hataki tena ukuta," akasema mwishowe. "Tumupeleke ziwani basi. Lakini muntu asilie. Mukilia, ninamurudisha."

Jérémie ndiye aliyetuambia la kufanya. Alisema kwao, walipokimbia, walimwacha ndugu yake njiani, na baadaye wakazika shati lake, na watu wakalala usingizi. Louise hakutaka kusikia habari ya kuzika. Lakini alipiga pasi suruali na shati la Nathanaël la Jumapili, akazitundika ndani ya kabati kwenye waya, mikono imenyooka, na viatu vyake akavipanga chini, mbele ikitazama mlango. Akafunga komeo yeye mwenyewe.

Asubuhi moja yenye anga nyeupe na maji matulivu tukatoka na boti ya Ruben, mteja wa zamani ambaye hakumkimbia kaka yangu. Tulikuwa Norbert, Louise, Jérémie na mimi, na Ruben kwenye mashine. Kabati lilikuwa limelala katikati yetu, na kila mtu alikuwa amevuta miguu yake mbali nalo. Tulipofika mkabala na ufuko walipookotwa wenzake, Ruben akazima mashine. Norbert akafanya ishara ya msalaba. Wanaume wakaliinua, wakalisukuma.

Lilizama likapotea. Nikavuta pumzi. Kisha likaibuka.

Liliibuka polepole, likalala chali, mlango ukitazama juu, na likatulia juu ya maji. Tulikuwa tumesahau ule mpira wa gurudumu. Jérémie alikuwa amefanya kazi nzuri mno. Hata tone halikuweza kuingia. Hilo naweza kulieleza. Siwezi kueleza kwa nini, pasipo upepo, lilianza kuja kwetu, likagonga ubavu wa boti, ngo, likarudi nyuma kidogo, likagonga tena.

"Tuondoke hapa," Ruben akasema.

Louise akacheka. Mwaka mzima sikuwa nimesikia kicheko kile. Macho yake yalikuwa yanang'aa, alikuwa msichana yule wa nje ya kanisa.

"Munamuona? Amekataa! Niliwaambia, amekawia tu! Ruben, leta kamba, tumufunge nyuma, tumurudishe nyumbani!"

Ruben aliishika kamba, akamtazama kaka yangu. Nilielewa kwamba kamba ile ikifungwa basi, hakuna tena atakayemrudisha Louise kwetu. Atakaa mbele ya ule mlango mpaka naye aingie. Norbert alikuwa amekaa sakafuni mwa boti, ameshika ubao kwa mikono miwili, maana miaka yote anatengeneza mashine za boti na hajui kuogelea. Aliuachia ubao. Akatambaa mpaka kwa mkewe, akamshika mguu.

"Louise," akasema, "mutoto amechoka. Mufungulie."

Louise akamtazama. Kicheko kikaisha usoni mwake kidogo kidogo. Ngo, likagonga. Akainama nje ya boti, akaweka kiganja juu ya mlango, sawa na mtu anayepima homa kwenye paji la uso.

"Natha," akasema. "Ni mama."

Akazungusha komeo.

Mlango uliinuliwa na maji kabla hajauvuta. Ziwa likaingia bila kelele. Shati likajaa, kifua kikatuna, mkono mmoja ukainuka ukatoka nje ya kabati. Louise akaushika. Kabati likaanza kwenda chini na shati pamoja nalo, naye hakuuachia. Maji yakafika kwenye kiwiko chake, yakafika begani, shavu lake likalala juu ya maji. Norbert alikuwa amemkumbatia kiunoni, mimi nimemshika Norbert shati, Jérémie amenishika mimi. Hatukumvuta. Hakuna aliyethubutu kumvuta.

Kisha nikahisi uzito umeondoka. Tukaanguka wote ndani ya boti, na mkono wake ulikuwa mtupu. Mapovu yalipanda kwa muda, yakakoma.

Louise akakaa. Akazifungua nywele zake, akazishusha usoni. Akamgeukia mume wake, akasema kwa sauti yake yenyewe, ile ya nyumbani, ambayo tulikuwa hatujaisikia:

"Norbert, mutoto wetu amekufa."

Na kaka yangu, aliyelitafuta neno hilo mwaka mzima, aliziba masikio yake kwa mikono miwili.